Umeacha pombe na daktari amekuandikia dawa za wasiwasi: namna ya kuzitumia Unguja na Pemba

Wiki za mwanzo baada ya kuacha pombe, wasiwasi huwa mkali kuliko wakati wowote. Moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, usingizi unakatika saa nane za usiku, na mtu anajua fika kwamba bilauri moja ya tembo au kipimo kimoja cha gongo kingemtuliza kwa dakika chache. Daktari anaandika dawa, na maneno yanaanza. Nyumbani wanasema umeacha chupa umeshika vidonge. Soba hausi, nyumba ya wanaoacha ulevi, mwenzako anakwambia mtu msafi hamezi kitu. Dukani muuzaji anakupa unachotaka bila ya kukuuliza. Mwongozo huu ni wa mtu aliyeandikiwa dawa na mtaalamu na anayetaka zimsaidie bila ya kuipoteza nafuu aliyokwishaipata.

Kama hujaacha bado, au umeacha jana

Anayekunywa kila siku kwa miezi au miaka asikate pombe ghafla akiwa peke yake chumbani. Pombe hutuliza ubongo, na ubongo uliozoea kutulizwa kila siku hupunguza breki zake wenyewe. Pombe ikiondoka ghafla, breki zile hazijarudi. Jasho, kichefuchefu na kutetemeka huanza baina ya saa 6 na 24 baada ya kinywaji cha mwisho. Kuanguka na kukakamaa kama mwenye kifafa kunaweza kutokea baina ya saa 6 na 48. Kisha, siku ya pili hadi ya nne, baadhi ya watu huchanganyikiwa, huona wadudu au watu ambao hawapo, hupata homa na mapigo ya moyo yasiyotulia. Hali hii ya mwisho huua isipotibiwa.

Katika nyumba zetu dalili hizo husemwa haraka kuwa ni jini limepanda. Kisomo kisomwe, na kombe linywewe kama mgonjwa ana akili zake na anaweza kumeza, lakini yote hayo yafanyike akiwa hospitali.

Kuna wakati wa mwaka unaohitaji hadhari zaidi. Wapo wanaokunywa sana siku za vunja jungu, kisha wakakata moja kwa moja kwa ajili ya Ramadhani. Hesabu saa zile utaona hatari inaanza funga ya kwanza na kuendelea hadi ya nne, wakati mtu hali wala hanywi maji mchana kutwa. Mwenye nia ya kuacha kwa ajili ya mwezi mtukufu aende kwa daktari wiki mbili au tatu kabla, na aliyewahi kuanguka alipoacha zamani asijaribu tena nyumbani, maana mara ya pili huwa mbaya zaidi.

Hospitali, kwa kipindi hiki, dawa ya kawaida ni diazepam au jamaa zake, kwa siku 3 hadi 7, kiwango kikishushwa kila siku hadi kwisha. Pamoja nayo hutolewa vitamini B1, kwa jina la thiamine, kwa kawaida miligramu 100 kwa siku kama ni ya vidonge. Usiidharau. Mnywaji wa muda mrefu huwa na upungufu wa B1, na akitundikiwa dripu ya glukosi kabla ya kupewa vitamini hiyo anaweza kudhurika ubongo. Jamaa aliyemleta mgonjwa ana haki ya kuuliza: "Bi nesi, huyu ni mnywaji, keshapewa B1?"

Ukifika kwa daktari, sema yote

Unguja, hospitali ya Kidongo Chekundu ndiyo yenye wataalamu wa maradhi ya akili na uraibu. Pemba anzia hospitali ya Chake Chake, Wete, au Abdalla Mzee kule Mkoani. Tatizo kubwa huwa ni aibu. Mtu anamwambia daktari "nina wasiwasi na sipati usingizi" na neno pombe halitoki mdomoni. Daktari aliyesikia nusu ya habari huandika dawa ya nusu ya habari, na mara nyingi dawa hiyo ndiyo isiyofaa kwako. Siri ya mgonjwa ni amana kwake. Ukiogopa kusikika na walio foleni, andika kwenye karatasi umpe.

Andika ulikuwa unakunywa nini, kiasi gani kwa siku, na tarehe ya mara ya mwisho. Andika kama uliwahi kuanguka au kuchanganyikiwa ulipoacha, na kama unatumia unga (heroini), bangi, mirungi, methadone (dawa ya kutibu uraibu wa unga), au vidonge vya usingizi ulivyojinunulia. Taja pumu, sukari, presha, kifafa, ujauzito au kunyonyesha, macho kuwa manjano, kutapika damu au kupata choo cheusi. Chukua mfuko, tia kila dawa unayomeza pamoja na za mitishamba, uviweke mezani kwake.

Swali moja atakuuliza nalo lifikirie kabla: wasiwasi ulikuwepo kabla hujaanza kunywa, au umekuja na pombe? Kwa wengi wasiwasi wa siku za mwanzo ni mabaki ya pombe na hupungua wenyewe ndani ya wiki mbili hadi nne. Ndiyo maana daktari mwangalifu anaweza kukwambia urudi baada ya wiki chache kabla hajakuandikia dawa ya muda mrefu. Hakupuuzi. Lakini kama hofu ilikuwa nawe tangu skuli, au ilikushika hata miezi uliyokuwa huli wala hunywi kilevi, mwambie waziwazi, kwa sababu hapo pengine hakuna haja ya kungoja.

Soma jina kwenye pakiti

Watu husema tu "dawa za wasiwasi", lakini ndani ya jina hilo mna dawa za namna mbalimbali, na kwa mtu aliyeacha pombe tofauti hiyo ni kubwa. Majina tumeyaandika kama yanavyosomeka kwenye pakiti ili uyalinganishe.

Kundi la kwanza ni diazepam (wengi huiita Valium), lorazepam, alprazolam, clonazepam na bromazepam. Phenobarbital, ambayo wenye kifafa wengi hupewa, iweke humo humo. Hizi hufanya kazi kwenye ubongo kwa njia inayokaribiana sana na ya pombe. Zinatuliza ndani ya saa moja, ndiyo sababu zinapendwa, na ndiyo sababu mwili wako utazizoea upesi kuliko mwili wa mtu ambaye hajawahi kunywa. Kwa wasiwasi wa kawaida hazifai kuzidi wiki mbili hadi nne, na siku za kupunguza zimo ndani ya hesabu hiyo. Zikichanganywa na pombe, na unga au na methadone, pumzi hupungua hadi kusimama, na aliyelala anaweza asiamke.

Diazepam ina jambo jingine: haitoki mwilini haraka. Kidonge cha juzi bado kimo damuni leo, na ini likiwa limeharibika kinakaa zaidi. Mtu anaongeza kimoja kwa kuwa "cha jana kimekwisha nguvu", kumbe anarundika. Ini likiwa baya, daktari anaweza kuchagua lorazepam badala yake, kwa sababu ini chovu huimudu vizuri zaidi.

Ukiandikiwa dawa ya kundi hili, usitoke chumbani kwa daktari bila majibu ya maswali mawili: ni kwa siku ngapi, na zitapunguzwa vipi? Yaandikwe kwenye cheti.

Kundi la pili ni fluoxetine, sertraline, citalopram na nyenginezo za jinsi hiyo. Hizi ndizo zinazofaa zaidi kwa safari ndefu. Hazileweshi na hazileti hamu ya kuongeza. Shida yake ni kwamba hazina haraka: nafuu huanza baada ya wiki mbili, na mara nyengine huchukua hadi wiki sita. Tena siku saba au kumi za mwanzo wasiwasi unaweza kuzidi, tumbo likavurugika, usingizi ukapungua. Watu wengi huziacha hapo hapo na kusema dawa imewakataa. Mwombe daktari akuanzishie nusu ya kiwango, kwa mfano fluoxetine miligramu 10 badala ya 20 au sertraline 25 badala ya 50, kwa wiki ya kwanza. Meza asubuhi baada ya chai na kitu cha kutafuna. Wanaume wengi hupata uchelewaji kitandani, nao hawasemi, wanaacha dawa kimya kimya. Sema, kuna njia za kurekebisha. Mwenye umri chini ya miaka 25 aangaliwe kwa karibu mwezi wa kwanza, na mawazo ya kujidhuru yakija yapelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Dawa hizi hazipatani na tramadol, dawa ya maumivu makali: zikikutana zinaweza kuleta homa, kutetemeka, kukakamaa na kuchanganyikiwa. Zikikutana na diclofenac, ibuprofen au aspirin huongeza uwezekano wa kutoka damu tumboni, na tumbo la aliyekuwa akinywa mara nyingi lina vidonda tayari. Kwa maumivu ya kawaida muulize daktari juu ya paracetamol na kiwango chake, hasa kama ini lako lina matatizo.

Amitriptyline ni ya zamani, ni rahisi, inapatikana mpaka vijijini, nayo humezwa usiku kwa kuwa inaleta usingizi. Inakausha mdomo na kufunga choo. La kuogopa ni kuzidisha: vidonge vingi kwa pamoja huua kwa kuusimamisha moyo. Isikae nyumbani pakiti ya mwezi mzima ikiwa mgonjwa ana huzuni nzito.

Propranolol hupunguza moyo kwenda mbio na mikono kutetemeka, kwa kawaida miligramu 10 hadi 40 kwa mara. Mwenye pumu asiiguse. Mwenye sukari anayejidunga insulini aiseme kwa daktari kwanza, kwa sababu inaficha dalili za sukari kushuka. Wapo wanaoimeza ili wajitibu arosto ya pombe, yaani dalili za kuikosa, nyumbani, na hilo ni kosa kubwa: inaficha kutetemeka na mapigo ya moyo, lakini haizuii kuanguka. Mtu anaonekana ametulia, na hatari iko pale pale.

Ukipewa disulfiram ya kukuzuia kunywa, ianze angalau saa 12 baada ya kinywaji cha mwisho, na ujue kuwa hata ukiiacha, pombe inaweza kukuletea madhara makali kwa hadi wiki mbili. Soma lebo za dawa za kikohozi za maji na za kusukutulia mdomo, baadhi zina alkoholi ndani. Disulfiram pia huchelewesha diazepam kutoka mwilini, kwa hiyo daktari lazima ajue kama unazo zote mbili.

Nani ashike pakiti

Kwa dawa za kundi la kwanza, asiwe wewe. Si kwa kuwa huaminiki. Saa nane za usiku, moyo ukienda mbio, mkono hufika kwenye pakiti kabla ya akili. Chagua mtu mmoja, mama, mke, kaka mkubwa, awe anajua hesabu na hana woga wa kusema hapana. Omba dawa za siku 7 tu kwa mara moja. Akupe kidonge mkononi, umeze mbele yake, aandike tarehe, saa na idadi kwenye daftari. Kama uko soba hausi, msimamizi ndiye ashike, zifungiwe, na asipewe mwengine hata kama analia. Zikibaki baada ya muda kwisha zirudishwe famasi. Kimoja kilichofichwa kwenye kanga "kwa ajili ya siku mbaya" ndicho kinachoanzisha mengi.

Dawa za kundi la pili unaweza kuzishika mwenyewe. Zifunge na jambo unalolifanya kila siku, mathalani baada ya chai ya asubuhi. Ukisahau na ukakumbuka siku ile ile, meza. Ukikumbuka siku ya pili, endelea na cha siku hiyo tu, usimeze viwili. Ziache ndani ya pakiti yake, kabatini, mbali na dirisha na jiko, kwa sababu joto na unyevu wa visiwani huharibu vidonge vilivyotolewa na kutiwa kwenye kikopo.

Mambo ya hapa kwetu yanayoharibu mpango

Kahawa ya barazani. Vikombe vitano vya kahawa chungu jioni vinatosha kuleta moyo kwenda mbio na kukesha, na mtu akadhani dawa haifanyi kazi. Baki na kimoja au viwili, kabla ya alasiri. Vinywaji vya kuongeza nguvu viache kabisa, na mirungi hivyo hivyo. Maji ya balungi huongeza kiwango cha diazepam damuni; kula chungwa.

Boti. Anayevuka baina ya Pemba na Unguja huogopa mkondo wa Nungwi, akanunua kidonge cha kuzuia kutapika. Nyingi ya dawa hizo, kama promethazine na cinnarizine, zinaleta usingizi, na juu ya diazepam au amitriptyline usingizi huo huwa mzito mno. Muulize mfamasia huku ukimtajia unachotumia, au kaa sehemu ya katikati ya chombo, chini, na usipande na tumbo tupu.

Mikarafuu na minazi. Msimu wa karafuu hausubiri mtu, lakini anayetumia diazepam au aliyeanza amitriptyline asipande mti. Awe chini, achambue, aanike. Hali kadhalika kuendesha bodaboda, na kutoka na ngalawa peke yake. Hata wa propranolol achukue tahadhari ya kizunguzungu wiki ya kwanza, hata kwenye sala: akiinuka kutoka kwenye sijda aende taratibu, na akihisi giza machoni akae.

Ramadhani. Dawa inayomezwa mara moja kwa siku haikuzuii kufunga. Ikikuamsha, imeze wakati wa daku. Ikikuvuruga tumbo au kukulaza, imeze baada ya kufuturu. Mabadiliko ya saa yafanyike siku mbili tatu kabla ya mwezi kuandama. Aliye kwenye siku za kushushiwa diazepam, anayeimeza mara tatu kwa siku, ni mgonjwa, na mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye. Zungumza na daktari wako na sheikh wako, wote wawili. Usirundike vidonge vya siku nzima kwenye futari.

Ukiteleza ukanywa

Usiku huo usimeze diazepam wala dawa yoyote ya usingizi, hata kama saa yake imefika. Mwambie anayeshika pakiti, kwa maneno mafupi: "Nimekunywa, usinipe." Naye asigombe usiku huo, ugomvi unaweza kungoja hadi kesho. Dawa za kundi la pili endelea nazo kesho yake kama kawaida, na daktari ajue. Kama ulikunywa kwa siku kadhaa mfululizo, rudi kwenye sehemu ya mwanzo ya mwongozo huu: usikate ghafla peke yako, nenda hospitali.

Mtu akilala na hashtuki akiitwa na kutikiswa, akikoroma kwa namna isiyo ya kawaida, pumzi zikawa za mbali, midomo ikabadilika rangi, asimwagiwe maji wala asipewe maziwa au ndimu. Mlaze ubavu, mdomo ukielekea chini ili matapishi yatoke, mtu mmoja abaki naye, mwengine atafute gari. Chukueni pakiti zote mwende nazo.

Kuhusu wanaosema kuwa dawa ni kurudia uraibu

Soba hausi nyingi za kwetu hufuata Hatua 12 za kuacha ulevi, na humo ndimo maneno haya husikika sana. Hata AA (Alcoholics Anonymous), chama cha watu wanaosaidiana kuacha pombe, ambako hatua hizo zilianzia, inasisitiza kwamba hakuna mwanachama wa kumfanyia mwenzake udaktari. Wapo walioambiwa waache dawa ili wawe wasafi kweli, wakaacha, na hofu ikawarudisha kwenye chupa. Ukiulizwa, jibu linatosha hili: "Kaka, nimeandikiwa, natumia kama nilivyoandikiwa, na fulani ananishikia." Mwenye nyumba ya soba asiyekubali dawa yoyote iliyoandikwa na daktari, mwombe azungumze na daktari huyo kabla hujaingia.

Dawa ikikaribia kwisha, na siku ya kuziacha

Famasi zetu huishiwa, na Pemba zaidi. Zikibaki za siku 10, anza kutafuta. Usikubali kubadilishiwa jina dukani kwa kauli ya "hii ni sawa sawa". Linganisha herufi kwa herufi na miligramu kwa miligramu, na kukiwa na tofauti rudi kwa aliyekuandikia.

Dawa za kundi la pili kwa kawaida huendelea miezi 6 hadi 12 baada ya wasiwasi kutulia, kisha hupunguzwa kwa wiki kadhaa. Zikikatwa ghafla, hasa sertraline, huja kizunguzungu, hasira, na mishtuko kichwani kama ya umeme. Si arosto ya hamu, ni mwili unaodai mwendo wa pole.

Aliyetumia diazepam au jamaa zake kila siku kwa miezi asiache siku moja, maana anaweza kuanguka vile vile kama wa pombe. Mwendo unaokubalika ni kupunguza asilimia 5 hadi 10 kila wiki mbili hadi nne, chini ya daktari, na robo ya mwisho ndiyo huchukua muda zaidi. Kidonge cha miligramu 5 ni kigumu kukigawa sawasawa kwa kisu cha jikoni. Uliza kama zipo za miligramu 2. Wasiwasi ukizidi baada ya punguzo, baki kwenye kiwango hicho kwa wiki mbili nyengine, usirudi juu bila kuzungumza na daktari. Kila punguzo liandikwe tarehe na miligramu nyuma ya daftari la kliniki, ili daktari mwengine atakayekuwa zamu aone ulipofika bila ya kuanza upya.